Modemu ya marehemu baba na simu za usiku za Mombasa

SWALI: Shikamoo Fundi. Baba yangu alikuwa na nyumba ya wageni mtaa wa Mkomani, Lamu. Alifariki mwaka jana, na katika kupanga vitu vyake tumekuta kisanduku cheusi chenye taa ndogondogo mbele, nyuma kimeandikwa 14,400. Juu yake kuna kibandiko: ATX3M1S7=90S10=50DT011, kisha nambari ya simu. Tumekuta pia daftari la mwaka 1998 ambamo aliandika kila simu aliyopiga. Karibu kila usiku kuna simu ya Mombasa, nambari ileile moja, dakika mbili au tatu, basi. Mama anacheka leo, lakini anasema wakati ule hakucheka. Mjomba anasema baba alikuwa akiwaandikia barua pepe wageni wake wa Ujerumani. Kama barua inakwenda Ujerumani, kwa nini apige Mombasa? Na kwa nini usiku? Kuna barua moja aliyoichapisha inayoonyesha ilifika 10:31, lakini kwenye daftari anasema aliipokea 4.40. Halafu usiku mmoja wa Agosti kuna simu nne mfululizo, zote pembeni ameandika "imekatika". Na je, kisanduku hiki bado kinaweza kufanya kazi? Binti wa Mkomani.

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Mwenyezi Mungu amrehemu babako.

Nianze na mamako, maana yeye amesubiri jibu miaka mingi kuliko wewe. Kisanduku hicho ni modemu, kifaa kilichoiwezesha kompyuta kuongea na kompyuta nyingine kwa waya wa simu, na nambari ile ya Mombasa haikuwa ya mtu. Angeipiga mwenyewe kwa simu ya mezani angeitikiwa na mashine inayopiga yowe sikioni. Upande wa pili palikuwa na rafu ya modemu katika ofisi ya kampuni ya intaneti, zimepangwa moja juu ya nyingine, kila moja na waya wake wa simu. Wake za watu waliolalamika kuhusu nambari hizo walikuwa wengi, Malindi hata Lamu. Mimi nilikuwa fundi wa kompyuta za hoteli pwani hii wakati huo, na kuna nyumba niliitwa nije nieleze bili kabla hata sijaulizwa habari za kompyuta.

Sasa, kwa nini Mombasa. Wewe umekulia kwenye bando: unanunua megabaiti, unatumia, na simu haikuulizi mtu unayemwandikia yuko Shela au yuko Berlin. Kwa babako hesabu ilikuwa nyingine kabisa. Yeye hakulipia maneno. Alilipia dakika, na bei ya dakika ilitegemea umbali. Mita ya simu yenu haikuwa nyumbani. Ilikuwa kwenye exchenji, yaani kituo cha kuunganisha simu, na ilihesabu yuniti. Ukipiga jirani hapo hapo Lamu, yuniti zilidondoka polepole. Ukipiga Mombasa, zaidi ya kilomita 200 kwa mstari wa ndege, zilidondoka upesi. Ukipiga Ujerumani ziliporomoka. Usiku bei ya simu za masafa ilipungua, ndiyo maana unaona saa zile.

Kabla ya modemu, mgeni wa Ujerumani aliyetaka chumba alikuwa na njia tatu. Aandike barua ya stempu, ambayo ikifika Lamu mwezi aliotaka kuja umeshakaribia. Apige simu, azungumze Kijerumani na babako Kiswahili. Au atume faksi. Faksi ilikuwa nzuri ila jibu lake lilikuwa simu ya kimataifa: kila ukurasa unatambaa ndani ya mashine huku yuniti za Ulaya zikidondoka. Barua pepe iliigeuza simu ile ya Ujerumani ikawa simu ya Mombasa. Kutoka Mombasa kwenda mbele, kampuni ya intaneti ndiyo iliyobeba gharama kwa laini zake za kukodi kwenda Nairobi, na kutoka Nairobi kwa setilaiti kwenda Ulaya na Marekani, kwa kuwa nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009 tu. Babako aliwalipa ada ya mwezi kwa kazi hiyo. Ile simu ya kutoka Lamu hadi kwao ilikuwa juu yake.

Kwa nini wasiweke modemu zao Lamu, apige simu ya mtaani? Hesabu haikukubali. Wateja Lamu walikuwa wachache, na laini ya kukodi ya kuileta intaneti mpaka kisiwani ingekula ada zao zote na zaidi. Malindi tulikuwa karibu zaidi, lakini wateja wangu wengi nao walipiga Mombasa kama babako. Jambo linalonichekesha hata leo ni kwamba kaskazini yetu, Ngomeni, Waitaliano walikuwa wamerusha setilaiti kutoka jukwaa la baharini tangu 1967. Ile iliyopewa jina Uhuru ilipaa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ikaenda kupima mionzi ya eksirei ya nyota. Na sisi, kilomita thelathini hivi kusini yake, tunangoja saa nne ya usiku ili simu ya Mombasa ishuke bei.

Usidhani hesabu hii ilikuwa ya Afrika peke yake. Marekani ndiko zilikozaliwa mbinu nyingi alizotumia babako. Kule hadi mwisho wa 1983 simu za masafa zilitawaliwa na AT&T. Tarehe 1 Januari 1984 kampuni hiyo ilivunjwa, mashirika ya simu za mitaani yakatengwa, na MCI na Sprint wakapata nafasi ya kushindana nayo kwa haki kwenye simu za mbali. Mteja alichagua kampuni yake ya masafa, na kama leo anataka nyingine alitanguliza tarakimu tano kabla ya nambari: 10288 ilikuwa AT&T, 10222 MCI, 10333 Sprint. Watu waliokuwa na modemu walizijua kwa moyo tarakimu hizo, maana simu moja ya saa nzima kwenda jimbo la mbali ingeweza kula mshahara wa siku. Mwaka huohuo wa 1984, Tom Jennings wa San Francisco alianzisha FidoNet: kompyuta za watu binafsi zinakusanya barua mchana kutwa, halafu usiku wa manane, simu ikiwa rahisi kabisa, zinapigiana zenyewe na kubadilishana furushi zima. Mwaka uliofuata kampuni ya Telenet ikaleta huduma ya PC Pursuit: dola 25 kwa mwezi, unapitisha modemu yako kwenye mtandao wao wa data kwenda miji mingine, lakini usiku na wikendi tu, kwa kuwa mchana mtandao ulikuwa na wateja wa maofisi.

FidoNet ndiyo iliyofika Kenya kwanza, kabla ya intaneti kamili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mashirika ya mazingira na ya hisani Nairobi yalituma barua kupitia kituo kilichokuwa ELCI, shirika la kuunganisha mashirika ya mazingira, nacho kikabadilishana furushi na GreenNet, mtandao wa kompyuta wa London, kwa modemu. Furushi lilibanwa kwanza ili liwe dogo. Barua ilichukua siku moja au mbili, na watu walifurahi. Kampuni za biashara zilikuja kuanzia 1995 hivi.

Tofauti yetu na Wamarekani ilikuwa moja: sisi hatukuwa na wa kuchagua. Shirika la Posta na Simu, KPTC, lilikuwa peke yake mpaka 1999 lilipogawanywa likawa Telkom, Posta na tume ya mawasiliano. Hapakuwa na tarakimu tano za kutanguliza. Mlango wa nyuma ulikuwepo lakini, nao ulitegemea ushindani huohuo wa Marekani. Unapiga nambari ya kampuni fulani kule, inalia mara moja, unakata. Simu isiyopokelewa hailipiwi. Kompyuta yao inajua ni wewe, kwa kuwa nambari ile umepewa wewe tu. Inakupigia, unainua, unasikia mlio wa laini ya Marekani, unapiga popote kwa bei ya Marekani. Wazungu wa Malindi waliupenda sana ujanja huu kwa mazungumzo. Mashirika ya simu ya nchi nyingi yaliuchukia, na serikali kadhaa zikaupiga marufuku. Babako haukumfaa kitu: modemu yake ilikuwa ikipiga Mombasa.

Sasa tusome kibandiko. Hakuna siri ndani yake, ni maagizo ambayo kompyuta iliiandikia modemu kabla ya kupiga. Kampuni ya Hayes ya Marekani iliyatunga kwa modemu yake ya 1981, wengine wote wakaiga, ndiyo maana kisanduku cha kiwanda chochote kinayaelewa.

AT inaiambia modemu "sikiliza". X3 ndiyo iliyonionyesha kwamba babako alipata fundi mzuri au alisoma kitabu mwenyewe. Kwa kawaida modemu hungoja kusikia mlio wa laini ndipo ipige. Lakini ilifundishwa mlio wa Marekani au wa Ulaya, na mlio wa exchenji zetu ulikuwa mwingine. Basi inakaa, inasikiliza, inasema hakuna laini, inakata, na wewe unausikia mlio kabisa kwa masikio yako. X3 maana yake ni piga bila kungoja mlio, ila nijulishe kama upande wa pili uko bize. Nimewaona watu wakirudisha modemu nzima dukani kwa kukosa herufi hiyo na tarakimu yake.

M1 ni spika: iache ilie mpaka mashine mbili zikubaliane, kisha inyamaze. Wengi waliizima usiku wasiamshe watoto. Babako aliiacha, na alifanya vyema, maana sikio ndilo lililokwambia kama umekosea nambari na sasa kuna mtu anasema "haloo, haloo" kwa mashine. S7=90 ni sekunde tisini za kungoja upande wa pili uitike na ushike laini. S10=50 ndiyo ya watu wa pwani hasa. Inasema, sauti ya mwenzako ikipotea, ngoja kabla ya kukata. Inahesabiwa kwa sehemu za kumi za sekunde, kwa hiyo 50 ni sekunde tano. Kiwandani waliiweka 14, yaani sekunde moja na nukta nne, na kwenye laini zetu sauti ilipotea sekunde mbili au tatu mara kwa mara. Kukata na kupiga upya kulikuwa ghali kuliko kusubiri. DT ni kupiga kwa milio ya vitufe. Penye exchenji za zamani tuliandika DP, modemu ikakatakata laini kwa haraka, tak tak tak, mara saba kwa saba, mara tisa kwa tisa. Na 011 ilikuwa Mombasa, kama Lamu ilivyokuwa 0121 na Malindi 0123, kabla nambari hazijabadilishwa.

Tazama taa za mbele pia. OH ikiwaka, modemu imeinua simu. CD ikiwaka, imemsikia mwenzake. SD inameta unapotuma na RD unapopokea. Babako, nina hakika, alikaa akiikodolea macho RD. Ikimeta, barua zinaingia. Ikizimika na CD bado inawaka, unaanza kuomba dua.

Yowe lenyewe lilikuwa hivi. Laini ya simu ilijengwa kwa sauti ya mtu: inapitisha milio ya kati ya hezi 300 na 3,400, zaidi ya hapo inakata. Kompyuta ina moja na sufuri tu, kwa hiyo modemu inazigeuza milio inayoweza kupita humo. Modemu ya Mombasa huanza na mlio mmoja mrefu wa hezi 2,100. Mlio huo huziambia mashine za kuzuia mwangwi zilizo kwenye simu za masafa zijitoe njiani, kwa sababu modemu mbili husema kwa pamoja, haziachiani zamu kama watu. Kisha zinapima laini: mwangwi unarudi baada ya muda gani, kelele ni kiasi gani. Ndipo unaposikia mkwaruzo na ule mvumo wa mwisho. Zikikubaliana juu ya 14,400 biti kwa sekunde, vizuri. Laini ikiwa mbovu zinashuka 12,000, 9,600, 7,200, 4,800.

Na laini zilikuwa mbovu kwa sababu unayoijua: chumvi. Waya wa shaba kwenye hewa ya bahari hufanya kutu ya kijani, na kutu hiyo modemu huisikia kama kelele. Kazi yangu kubwa Lamu haikuwa ya kompyuta. Ilikuwa kufungua kisanduku cha simu ukutani, kusugua ncha za waya mpaka shaba ing'ae, na kukaza skrubu. Laini iliyokuwa ikishika 4,800 inapanda 12,000 papo hapo, na mwenye nyumba anadhani nimebadilisha kitu ndani ya kompyuta. Masika nilikuwa na kazi ya pili, kuwaambia watu wachomoe waya wa simu mvua ikinguruma. Walichomoa umeme wakaacha simu, na radi ikaingilia huko huko.

Hebu sasa fanya hesabu ya zile dakika mbili. Ukurasa wa barua una herufi kama 2,000. Kwa kasi ya 14,400 unapita kwa sekunde moja na kitu. Barua kumi za kutuma na kumi za kupokea hazifiki dakika nzima. Lile yowe la mwanzo, nusu dakika hivi, lilikuwa refu kuliko barua zote mbili tatu za usiku ule, na lililipiwa pia, kwa kuwa mita huanza modemu ya Mombasa inapoinua simu. Kwa hiyo mtu mwenye akili hakuandika akiwa hewani. Babako aliandika mchana, simu imelala, programu ikaziweka barua kwenye foleni. Usiku akapiga mara moja, foleni ikatoka, za Mombasa zikaingia, simu ikakatwa, akasoma kwa raha zake. Programu kama Eudora na Pegasus zilifaa hivyo. Waliokuwa wakifungua barua zao kwenye kurasa za Hotmail, iliyoanza 1996, walilipia hata muda wa kufikiri.

Sasa ile barua ya 10:31. Umenitumia picha yake na nimeisoma pale juu, kwenye mistari inayoanza na Received, ambayo husomwa kutoka chini kwenda juu. Wa chini ndio mashine ya kwanza. Mgeni aliituma saa 09:12, na mbele yake pameandikwa +0200, saa ya Ujerumani ya kiangazi. Kwetu ni 10:12. Mstari wa juu kabisa ni wa seva ya Mombasa: 10:31 +0300. Yaani barua ilitoka Ujerumani, ikapita baharini, ikapanda setilaiti, ikashuka Nairobi na kufika Mombasa kwa dakika kumi na tisa. Hiyo 4.40 ya daftari si alasiri wala alfajiri. Babako aliandika saa yetu: saa nne na dakika arobaini usiku, 22:40 ya kompyuta. Ilikaa saa kumi na mbili na zaidi Mombasa, katika seva, kama barua katika sanduku la posta linalongoja mwenye ufunguo. Safari nzima kutoka Ulaya haikuzidi dakika ishirini, na kipande cha mwisho cha Mombasa hadi Mkomani kikala mchana mzima, kwa sababu ya bei ya simu tu. Angepiga adhuhuri angeipata adhuhuri. Alichagua kutokupiga.

Usiku wa Agosti wa "imekatika" nao ninaufahamu kana kwamba nilikuwepo. Ni msimu wa wageni wa likizo, na wageni hupenda kutuma picha. Chukua picha ya kilobaiti 700. Barua pepe haiibebi picha kama ilivyo, huigeuza herufi kwanza, na hapo picha huongezeka theluthi nzima. Kwa laini nzuri kabisa ya 14,400 hiyo ni dakika kumi hivi. Kwa laini ya 4,800 ni nusu saa. Sasa angalia daftari: simu ya kwanza dakika tisa, imekatika. Ya pili kumi na moja, imekatika. Na kila mara alianza mwanzo kabisa, na hapa ndipo uchungu ulipo. Seva ya barua haifuti ulichokwisha kupokea mpaka programu yako iage kwa utaratibu. Laini ikikatika katikati, kwa seva ni kama hukuja. Unarudi, inakupa tena barua ya kwanza, ya pili, ya tatu, ambazo tayari unazo, halafu picha ileile kutoka herufi ya kwanza. Na barua ya maana, ya mtu anayetaka kulipia chumba, iko nyuma ya picha.

Dawa zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kuiamuru programu iruke kila barua inayozidi kilobaiti 40, ije na kichwa chake tu. Ya pili ni kungoja asubuhi, kupiga simu ya kawaida ofisini Mombasa, na kumwomba kijana wa zamu aifute ile kubwa. Ukitazama siku inayofuata katika daftari naamini utakuta simu ya asubuhi kwenda nambari nyingine ya Mombasa. Hiyo nayo mwambie mamako ni ya ofisi.

Kisanduku chenyewe. Kwa kazi yake ya zamani, hapana. Nambari za kupiga za kampuni za intaneti zimezimwa, na laini za shaba za kwenda majumbani nyingi hazipo tena. Simu ya mkononi haiwezi kuibeba milio yake, kwa kuwa mtandao wa simu huibana sauti kwa kutupa visivyohitajiwa na sikio la mtu, na modemu inavihitaji hivyohivyo vinavyotupwa.

Lakini kuwaka kinaweza kuwaka, na kujibu kinaweza kujibu. Kwanza umeme, na hapa usiwe na haraka. Usichomeke chaja yoyote kwa kuwa tu ncha yake imeingia. Modemu nyingi za nje zilitumia adapta inayotoa AC, si DC kama chaja za leo, na utakuta imeandikwa 9V AC au zaidi. Soma kibandiko cha adapta na cha modemu, vilingane. Na kama adapta ilitoka Marekani na imeandikwa volti 120 peke yake, usiitie kwenye soketi ya ukutani; umeme wetu ni 240 na utaona moshi. Kisha nunua waya wa USB wa kwenda poti ya siria, ile pana ya pini tisa, na pengine kipande cha kuigeuza ya pini 25. Fungua programu ya terminali kwenye kompyuta, chagua kasi ya 9600, andika AT, bonyeza Enter. Ikijibu OK, ni nzima. Ukipata ya pili, ziunganishe kwa waya mmoja wa simu bila laini yoyote: kwenye moja andika ATX1D, kwenye nyingine ATA. Modemu nyingi zitashikana hivyo, na yowe utalisikia.

Kilicho muhimu zaidi kwenu, kwa maoni yangu, si modemu. Ni kompyuta aliyoifungia, au disketi zake kama zipo. Barua za Eudora zilihifadhiwa kama maandishi ya kawaida, katika mafaili yanayoishia na .mbx, moja la zilizoingia na moja la zilizotoka. Za Pegasus huishia na .PMM au .CNM. Hazihitaji programu yoyote ya zamani, zinafunguka kwenye programu ya kuandikia ya kawaida, na kama alitumia Eudora, picha za wageni zitakuwa kwenye folda yake peke yake. Disketi za Lamu lakini hushika ukungu. Telezesha kile kifuniko cha chuma, tazama ule utando mweusi kwa mwanga wa ubavuni. Ukiona madoa meupe usiitie kwenye drevu, kwa sababu itakwaruza disketi na kuchafua drevu, na kila disketi utakayoitia baada yake itaharibika pia. Ziweke kwenye mfuko mkavu zisiguswe mpaka apatikane mtu wa kuzisafisha. Zilizo safi zinakili zote siku moja, usijaribu moja leo na nyingine mwezi ujao, na uanze na zile zenye mwandiko wa babako juu yake.